Sailensa mbovu ya asubuhi: kisa cha injini iliyotulia kila ilipofika kwa fundi

Gari ni saluni yenye injini ya petroli ya lita 1.5, silinda nne, throto ya umeme (kizibo kinachofungua na kufunga njia ya hewa), sensa ya kupima hewa inayoingia, na nozeli zinazopuliza petroli kwenye njia ya hewa nyuma ya valvu. Limetembea kilomita 148,000. Likilala usiku kucha, asubuhi linawaka kwa starta moja na kunguruma vizuri kwa sekunde tatu au nne. Kisha sailensa, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, inaanza kupanda na kushuka kati ya mizunguko 650 na 1,150 kwa dakika, usukani unatetemeka, na dereva akiwahi kuweka gia ya D ili aondoke injini inazima. Baada ya dakika tano hivi hali inakwisha yenyewe, na kutwa nzima gari halina neno.

Ugumu wa kisa ulikuwa hapo hapo. Gari likiendeshwa hadi gereji linafika limeshapata moto. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, haoni kitu, na kwa kuwa lazima afanye jambo, anabadilisha kinachobadilishika. Kabla ya uchunguzi huu lilikuwa limeshawekewa plagi nne mpya, koili moja (inayoipa plagi umeme wa cheche), nozeli moja na chujio la hewa, na throto ilikuwa imesafishwa. Asubuhi iliyofuata kila kimoja cha vitu hivyo, mtetemo ulikuwa pale pale.

Mashine ya kupimia ilikuta namba mbili: P0304, yaani silinda ya nne inamisi (inakosa kuwaka katika baadhi ya zamu zake), na P0171, yaani mchanganyiko ni mwepesi, hewa imezidi petroli. Namba ya kwanza ndiyo iliyoleta koili mpya na nozeli mpya. Ya pili ilipuuzwa kwa kudhaniwa kuwa ni matokeo ya ile ya kwanza. Kuna kitu kingine kilichokuwa kwenye kumbukumbu na hakikusomwa: namba ikirekodiwa, kontroli boksi (kompyuta ya injini) huhifadhi pia hali ya injini ilivyokuwa wakati ule. Ya P0304 ilionyesha joto la kulanti (maji ya kupozea injini) nyuzi 24 na mizunguko 812. Kwa mstari huo mmoja tu ilijulikana kwamba kumisi hakukutokea barabarani wala mlimani, kulitokea injini ikiwa baridi na haijaanza safari. Kuangalia kwake ni kubonyeza mara mbili, na hakuna sababu ya kufuta namba kabla ya kusoma hali hiyo, kwa sababu ukifuta, nayo inafutika.

Baridi inabadilisha nini

Petroli haigeuki mvuke kirahisi kwenye chuma baridi. Sehemu yake hunata kwenye kuta za njia ya hewa na kuchelewa kuingia kwenye silinda. Ndiyo maana kontroli boksi, ikisoma sensa ya joto la kulanti, huongeza petroli kupita kiasi cha kawaida na kuinua sailensa hadi mizunguko 1,200 au 1,500, kisha ikaishusha polepole kadiri joto linavyopanda. Katika sekunde hizo za mwanzo haiisikilizi sensa ya oksijeni, maana sensa hiyo haitoi jibu la kuaminika mpaka ifikie nyuzi 300 hivi. Hesabu yote ni ya kukadiria: hewa kiasi hiki imepita kwenye sensa ya hewa, joto ni hili, basi petroli iwe hii. Hewa iliyoingia kwa mlango wa nyuma, baada ya sensa ya hewa, haimo kwenye hesabu hiyo.

Sensa ya oksijeni ikiamka, kontroli boksi inaona hewa imezidi na kuongeza petroli. Kiasi cha ongezeko hilo ndicho mafundi wanachokiita trimu, na hutajwa kwa asilimia. Trimu ya muda mfupi hucheza kila sekunde. Ya muda mrefu ni mazoea ambayo kontroli boksi imejifunza na kuyaweka akibani. Injini isiyo na hitilafu hukaa kati ya hasi 5 na chanya 5, na hata 10 bado si kilio. Kwa gari hili trimu ndiyo iliyokuwa shahidi pekee anayeweza kusema injini ikiwa ya moto, kwa sababu ile ya muda mrefu haisahau asubuhi.

Vipimo vya mchana

Injini ikiwa na joto la nyuzi 88 na sailensa imetulia kwenye 710, trimu ya muda mrefu ilikuwa chanya 18 na ya muda mfupi chanya 4. Jumla 22. Injini ilipopandishwa na kushikiliwa kwenye mizunguko 2,500 bila mzigo, jumla ilishuka hadi 6.

Tofauti hiyo kati ya sailensa na mizunguko ya juu ina maana kubwa kuliko namba zenyewe. Upenyo wa hewa, yaani tundu linaloingiza hewa isiyopimwa, haubadiliki ukubwa mizunguko ikipanda au kushuka, lakini kwenye sailensa throto imefungwa karibu kabisa, mvuto ndani ya manifoldi (matawi yanayogawia silinda hewa) ni mkali na hewa halali ni kidogo, kwa hiyo hewa haramu inakuwa sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inaongezeka mara kadhaa na mvuto unapungua, upenyo unamezwa. Pampu dhaifu au filta ya petroli iliyoziba hufanya kinyume chake: kwenye sailensa mambo ni shwari, trimu inapanda kadiri injini inavyodai petroli zaidi. Sensa ya hewa iliyochafuka pia huonekana zaidi kwenye mizunguko ya juu na mzigo.

Sensa ya hewa ilisoma gramu 1.4 kwa sekunde. Injini ya lita 1.5 ikiwa ya moto huvuta kati ya 1.5 na 2.5 kwenye sailensa, kwa hiyo kuna hewa iliyokuwa inapita pembeni. Throto nayo ilikuwa imejifunga kuliko kawaida, kwa kuwa kontroli boksi ilikuwa inaibana ili sailensa isipande. Hili linawapotosha wengi wanaosubiri upenyo wa hewa uinue sailensa. Kwenye injini ya throto ya umeme kontroli boksi huficha dalili hiyo mpaka ishindwe.

Tahadhari moja hapa. Injini zisizo na sensa ya kupima hewa, zile zinazokadiria kwa kusoma mgandamizo wa manifoldi, hazifuati kanuni hii. Huko hewa ya ziada inabadilisha mgandamizo, kontroli boksi inauona na kuongeza petroli yake, sailensa inapanda na trimu inaweza kubaki karibu na sifuri.

Plagi zilitolewa, kwa kuwa zilikuwa na wiki sita tu na bado zingeweza kueleza kitu. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na weusi mwembamba wa mchanganyiko mzito kidogo. Ya nne ilikuwa nyeupe kama chaki. Sensa ya oksijeni ni moja kwa silinda zote nne na inasoma wastani. Silinda moja ikipata hewa ya ziada, wastani unaonyesha wepesi, na petroli inaongezwa kwa wote sawasawa. Watatu wasio na shida wanapewa kupita haja yao, na mwenye shida bado hashibi. Picha hiyo ya plagi tatu nyeusi na moja nyeupe inasema upenyo uko karibu na silinda ya nne, kwenye tawi lake la manifoldi. Upenyo wa kwenye bomba kabla ya throto, au kwenye mpira unaoingia katikati ya manifoldi, ungezigusa silinda zote kwa kiasi kinachokaribiana.

Vipimo vya asubuhi

Gari lililazwa gerejini kwa muda wa saa kumi na mbili bila kuguswa. Muda wa saa nane ni kiwango cha chini. Injini iliyozimwa jioni na kupimwa baada ya muda wa saa tatu bado ina joto la kutosha kudanganya. Kabla ya kuwasha, swichi ikiwa imefunguliwa tu, sensa ya joto la kulanti ilisoma nyuzi 18 na ya joto la hewa nyuzi 19. Baada ya kulala usiku kucha sensa hizi mbili lazima zikubaliane kwa tofauti ya nyuzi chache. Ya kulanti ingesoma, tuseme, 60, kontroli boksi ingenyima injini baridi petroli inayoihitaji na dalili zingefanana na hizi kwa mbali. Anayetaka kuipima kwa mita, aina nyingi husoma kilo-omu 2 hadi 3 kwa nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwa nyuzi 80.

Injini ikawashwa. Mizunguko 1,450, kisha ikaporomoka na kuanza mchezo wake. Trimu ya muda mfupi ilikaa sifuri kwa sekunde 50 hivi, wakati sensa ya oksijeni bado imelala. Ilipoamka, trimu iliruka hadi chanya 20, juu ya ile 18 ya muda mrefu. Kihesabu cha kumisi kilifika 64 kwenye silinda ya nne ndani ya dakika tatu. Nyingine zote sifuri. Geji ya vakiumu, inayopima mvuto ndani ya manifoldi, ilionyesha inchi 14 za zebaki huku mshale ukitetemeka. Kadiri joto lilivyopanda mshale nao ulipanda, na kwenye nyuzi 70 ulisimama kwenye 19 bila kutikisika, trimu ya muda mfupi ikiwa imerudi 4. Injini isiyo na hitilafu kwenye usawa wa bahari husoma 17 hadi 21, na kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu inchi moja.

Kwa maneno mengine, upenyo ulikuwa unajiziba wenyewe. Manifoldi ya plastiki na kichwa cha injini cha aluminiamu havitanuki sawa, na mpira uliokakamaa hurudisha ulaini kidogo ukipata joto. Nafasi iliyo wazi kwa nyuzi 18 inakuwa ufa mdogo kwa nyuzi 80. Mtu anayenyunyizia dawa kwenye mipira mchana anatafuta tundu ambalo wakati huo halipo.

Vilivyotolewa kwenye orodha

Mpira wa hidrovaki ya breki (inayotumia mvuto wa injini kuongezea breki nguvu) ulibanwa kwa kibanio, hakuna mabadiliko. Mpira wa hewa ya krankikesi (tumbo la chini la injini) ulibanwa kwa praiza iliyofungwa kitambaa, hakuna mabadiliko. Valvu inayoingiza mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi ilichomolewa mpira wake na kuzibwa kwa kidole: injini ikiwa baridi haitakiwi kuvuta, na haikuvuta. Injini hii haina valvu ya kurudisha moshi wa eksozi. Iliyo nayo, valvu hiyo iangaliwe, kwani kipande cha kaboni kikiizuia isifunge huleta mtetemo uleule.

Petroli ilipimwa kilopaskali 320 injini ikiwaka, na dakika tano baada ya kuzimwa ikabaki 250. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu nozeli inayovuja usiku ni chanzo kingine maarufu cha matatizo ya asubuhi. Ila nozeli inayovuja ina tabia nyingine: starta inachukua muda, injini inawaka ikiwa imelowa, moshi mweusi kidogo na harufu ya petroli, na hali inaisha ndani ya nusu dakika. Maji yanayopenya kwenye silinda kwa gasketi ya kichwa iliyoungua nayo hutetemesha injini asubuhi tu, lakini moshi ni mweupe, una harufu tamu, na kulanti inapungua. Hapa chombo cha kulanti kilikuwa kwenye alama yake. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ilisoma baa 12.8, 12.6, 12.9 na 12.5, hakuna la kusema.

Kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kaboni inayojazana nyuma ya valvu za kuingiza hewa ingekuwa mshukiwa wa kwanza, kwa sababu hakuna petroli ya kuziosha. Na ikiwa gari linatetemeka bila kihesabu cha kumisi kusogea na geji ya vakiumu imetulia, aliyechoka ni mpira wa kushikilia injini.

Moshi

Asubuhi ya pili, injini haijawashwa, mdomo wa bomba la hewa ulizibwa na moshi ukaingizwa kupitia mpira wa hidrovaki kwa mgandamizo usiozidi kilopaskali 7. Zaidi ya hapo unaweza kuharibu sili zisizo na kosa. Dakika moja na nusu baadaye uzi wa moshi ulitokea chini ya manifoldi, upande wa silinda ya nne, mahali pasipoonekana bila kioo kidogo na tochi. Jaribio liliporudiwa adhuhuri injini ikiwa ya moto, palitoka kamoshi hafifu ambako mtu asiyejua pa kuangalia asingekaona.

Pasipo na mashine ya moshi, chupa ya kunyunyizia maji inatosha. Injini ikiwa baridi na inawaka, nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye kila kiungo cha manifoldi. Yakifika kwenye upenyo yanauziba kwa sekunde moja mbili na sailensa inabadilika ukiisikia. Usiyaelekeze kwenye koili. Dawa ya kusafishia kabureta hutumiwa sana kwa kazi hii na huonyesha haraka, lakini inashika moto; eksozi na koili yenye ufa viko jirani, na gari likiungua hakuna atakayekumbuka sailensa.

Kufungua na kufunga

Reli ya nozeli kwenye injini hii imefungwa kwenye kichwa, si kwenye manifoldi, kwa hiyo haikuguswa. Betri ilichomolewa. Bomba la hewa, soketi ya throto na mipira ya vakiumu vilitolewa, kila mpira ukiwa na utepe wenye namba. Mipira miwili midogo ya kulanti inayopita kwenye throto ilibanwa badala ya kumwaga rejeta. Halafu bolti tatu na nati mbili.

Bolti ya chini ya upande wa silinda ya nne ilizunguka kwa vidole. Gasketi, ambayo ni mpira unaokaa kwenye mfereji wa plastiki, ilikuwa bado imeinuka kwenye silinda ya kwanza. Kwenye ya nne ilikuwa imelala sawa na ukingo wa mfereji, ngumu kama kucha, na mstari wa vumbi la kahawia ukionyesha hewa ilikopita.

Kwa nini upande huo? Jibu lilikuwa chini. Manifoldi hii ina mkono wa chuma unaoishikilia kutoka kwenye bloku, na bolti yake ya chini haikuwepo. Starta inakaa nyuma ya mkono huo na huwezi kuitoa bila kuufungua. Aliyewahi kuitengeneza aliurudisha nusu. Kuanzia hapo manifoldi ilining'inia kwenye kiungo chake na kutikisika kwa kila mzunguko, mpaka bolti ya mwisho ikalegea na mpira ukachoka. Gasketi mpya peke yake ingeishi miezi kadhaa, na kisa kingeanza upya.

Vitambaa safi vinne viliingizwa kwenye matundu manne ya kichwa kabla ya kukwangua, na vikahesabiwa tena wakati wa kutoa. Uso wa aluminiamu ulikwanguliwa kwa kipande cha plastiki, kwa sababu kisu huacha mikwaruzo, na mkwaruzo ni upenyo mpya. Rula ya chuma ililazwa juu ya uso wa manifoldi na geji ya bapa (bati jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.10 haikupita popote. Manifoldi iliyopinda hubadilishwa. Gasketi mbili haziinyooshi.

Silikoni haikupakwa. Gasketi hii hufanya kazi kwa kubanwa ndani ya mfereji wake, na silikoni hugeuka kilainisho kinachoifanya iteleze. Kipande kinachomegeka huvutwa kwenye valvu, na mvuke wa baadhi ya silikoni huua sensa ya oksijeni.

Bolti zilikazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa awamu mbili, nyutonimita 12 kisha 24, kutoka katikati kwenda pembeni. Namba hizo ni za injini hii. Nyingine ifuate kitabu chake. Mkono wa chini ulifungwa mwisho, baada ya manifoldi kukaa, bolti zake zote mbili zikiwa zimeingia kwa mkono kabla ya kukazwa. Ukianza na mkono, unaivuta manifoldi kando na gasketi inakaa upande.

Baada ya kazi

Trimu zilifutwa kwa mashine. Zisipofutwa, kontroli boksi inaendelea kumwaga asilimia 18 ya petroli isiyohitajika, injini inanuka na sailensa inakuwa nzito kwa muda, na mwenye gari anaamini kazi imeharibika. Throto nayo ilifundishwa upya nafasi yake kwa utaratibu wa injini hiyo, kwa kuwa ilikuwa imezoea kujibana.

Asubuhi ya kwanza, kulanti ikiwa nyuzi 17, sailensa ilianza 1,450 na kushuka kwa ngazi hadi 720, D ikiingizwa kwenye sekunde ya kumi bila kutikisika. Vakiumu inchi 19.5. Kihesabu cha kumisi sifuri kwa silinda zote. Vipimo vilirudiwa asubuhi mbili zaidi, kwa sababu gasketi iliyokaa vibaya hujificha siku ya kwanza ikiwa mpya na laini. Baada ya kilomita 100 trimu ya muda mrefu ilisimama kwenye chanya 2.

Koili ya zamani ilirudishwa mahali pake na haikumisi. Nozeli ya zamani ilipimwa, haikuvuja. Kilomita 1,000 baadaye plagi ya nne ilitolewa tena, ikiwa ya kahawia hafifu kama wenzake.